Kifurushi cha kutunzia breisi: kinachofanya kazi na kinachojaza mfuko

Vifurushi vya kutunzia breisi, yaani vyuma vya kunyooshea meno, vinapatikana sasa katika maduka mengi ya dawa ya Dar es Salaam na kwa wauzaji wa mitandaoni, vikiwa vimepangwa ndani ya kimfuko cha zipu chenye rangi ya kuvutia macho. Nilichomnunulia binti yangu, mwanafunzi wa sekondari aliyefungwa breisi za chuma juu na chini, kina vitu tisa: mswaki wenye nywele zilizokatwa kwa umbo la V, mswaki mdogo wa kukunja, kibrashi kimoja cha katikati ya meno, uzi wa meno, vitanzi vya kupitishia uzi huo, nta, kioo cha mdomoni, saa ya mchanga na vidonge vya kusafishia. Tumekitumia kwa muda wa kutosha kujua kila kimoja kinafanya nini, na uamuzi wangu nautoa mapema. Mswaki wake ni mzuri, nta yake ni nzuri na vitanzi vyake vina manufaa makubwa, lakini kifurushi kimekosea katika kifaa kile kile ambacho mwenye breisi hawezi kuishi bila kuwa nacho, yaani kibrashi cha kupenya chini ya waya. Mzazi atakayekinunua akaamini kwamba amemaliza atakuwa amenunua nusu tu ya anachohitaji.

Ili tathmini hii ieleweke, ni lazima kwanza kujua uchafu unajificha wapi. Braketi ni kile kipande kidogo cha chuma kinachogundishwa kwenye uso wa jino, na waya hupita juu yake kutoka jino moja hadi jingine ukiwa umeshikiliwa na vipira vidogo. Eneo la hatari ni ule ukanda mwembamba ulio kati ya braketi na ufizi, pamoja na pande mbili za braketi chini ya waya, kwa sababu hapo ulimi haufiki, shavu haligusi, na mswaki wa kawaida hupita juu ya waya bila kuligusa jino. Ukoga ukiachwa hapo, bakteria waliomo hutumia sukari ya chakula na kutoa asidi, na kipimo cha uchachu kiitwacho pH kikishuka chini ya 5.5 hivi (kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza madini yake. Matokeo yake ni mabaka meupe kama chaki yanayoizunguka braketi, ambayo kwa mtu asiyesafisha vizuri yanaweza kujitokeza ndani ya mwezi mmoja tu tangu breisi zifungwe, ilhali matibabu yenyewe mara nyingi huchukua miezi 18 hadi 24. Inasikitisha zaidi kwamba mabaka hayo huonekana wazi siku breisi zinapotolewa: meno yamenyooka kama ilivyokusudiwa, lakini kila moja limebaki na alama inayoonyesha mahali braketi ilipokuwa. Kwa hiyo kila kifaa cha kifurushi hiki nimekipima kwa swali moja, kama kinafika kwenye ukanda ule au hakifiki.

Mswaki wa V unafika, kwa sehemu kubwa. Nywele zake za katikati ni fupi na za pembeni ni ndefu, hivyo braketi na waya huingia kwenye mfereji wa katikati huku nywele ndefu zikiligusa jino juu na chini yake. Nywele zenyewe ni laini, na hilo ni jambo sahihi, kwani fizi za mwenye breisi huvimba kirahisi na hazihitaji kuchubuliwa. Tuliupima kwa vidonge vya rangi vya kuonyeshea ukoga, ambavyo havimo kwenye kifurushi na tulivipata kwenye kliniki anakotibiwa. Unatafuna kidonge, unatema, unasukutua mara moja, na kila palipobaki ukoga panakuwa pekundu. Baada ya kutumia mswaki wa kawaida, binti yangu aliamini kabisa kwamba amemaliza, lakini kila braketi ya chini ilikuwa na hilali nyekundu upande wa ufizini. Alipotumia mswaki wa V akiuinamisha kiasi cha nyuzi 45 kuelekea ufizi, kisha akaugeuza ili uingie chini ya waya kutoka upande wa pili, hilali zile zilitoweka kwenye meno ya mbele, ingawa rangi ilibaki kwenye magego na ubavuni mwa braketi. Vidonge hivyo vya rangi huacha midomo na ulimi vikiwa vyekundu kwa saa kadhaa, kwa hiyo ni vema vitumike usiku, lakini hakuna maelezo yangu wala ya daktari yaliyomfundisha binti yangu kama alivyofundishwa na rangi ile kwenye kioo. Kama mtengenezaji angeniuliza aongeze nini kwenye kifurushi chake, ningetaja hivyo kwanza.

Pale rangi ilipobaki ndipo kibrashi kinapotakiwa kufanya kazi yake, na kibrashi cha kifurushi hiki hakiiwezi. Ni kimoja tu, kinene, chenye nywele chache zilizosukwa kwenye waya dhaifu uliojikunja mara ya kwanza tulipoupenyeza karibu na chonge. Haukupita muda mrefu nywele zikawa zimelala upande mmoja, na ncha ya waya ikajitokeza ikawa inamkwaruza ufizi. Mahali ambapo meno yamebanana hakipiti kabisa, na kukilazimisha ni kuhatarisha braketi ibanduke, jambo linalomaanisha safari nyingine ya kliniki na matibabu kuchelewa. Kisanduku kimeandikwa kwamba kibrashi hicho kinafaa kwa breisi za aina zote, nami siwezi kulikubali dai hilo, kwa sababu nafasi hutofautiana hata ndani ya kinywa kimoja, na kadiri meno yanavyosogea nafasi zenyewe hubadilika kutoka mwezi hadi mwezi.

Ndiyo maana watengenezaji makini hutoa saizi nyingi. TePe, kampuni ya Sweden iliyoanzishwa mwaka 1965 mjini Malmö, huvipanga vibrashi vyake kwa rangi, kuanzia vya waridi vya milimita 0.4 hadi vyeusi vya milimita 1.5, na waya wa katikati umefunikwa kwa plastiki ili usikwaruze. Sisi tumetulia kwenye saizi mbili, vyekundu vya milimita 0.5 kwa ajili ya mianya iliyobana na vya kijani vya milimita 0.8 kwa ajili ya kupita chini ya waya kati ya braketi na braketi. Namna ya kukitumia ni kukiingiza kutoka juu, sambamba na uso wa jino, kikipita nyuma ya waya huku kikigusa ubavu wa braketi, kukivuta na kukisukuma mara chache bila nguvu, kisha kurudia kutoka chini. Kisizungushwe kama bisibisi, kwani hapo ndipo shingo yake inapovunjika. Kikishatumika kinasuuzwa, kinakaushwa, na hutupwa mara nywele zinapolala. Si kila duka la dawa la mtaani huwa navyo, kwa hiyo ni vema kuulizia kwenye kliniki za meno, ambako pia atapatikana mtu wa kumpima mtoto saizi inayomfaa badala ya kukisia. Gharama yake kwa mwaka si ndogo kwa familia ya kawaida, lakini ukipewa fedha za kununua kitu kimoja tu mbali na mswaki na dawa ya meno, zipeleke hapo.

Vitanzi vya kupitishia uzi vimenishangaza kwa uzuri wake. Ni kitu kidogo cha plastiki ngumu kiasi, chenye tundu kubwa ambamo uzi wa meno huingizwa, kisha ncha yake husukumwa chini ya waya na kuvutwa upande wa pili, hapo uzi unakuwa katikati ya meno mawili kana kwamba waya haupo. Bila kitanzi, mwenye breisi hawezi kutumia uzi wa kawaida hata akijaribu usiku kucha. Kitanzi kimoja hutumika tena na tena kikisafishwa. Uzi uliokuja nacho ndio mbovu: haukupakwa nta, na kila ulipogusa ukingo wa braketi ulichanika na kuacha vinyuzi, hivyo tuliubadilisha kwa uzi uliopakwa nta. Wenye uwezo zaidi wanaweza kununua Superfloss ya Oral-B, ambayo huja katika vipande vilivyokwisha kukatwa, vyenye ncha ngumu ya kupenyeza na sehemu laini iliyovimba kama sifongo ya kufutia kandokando ya braketi. Ni bidhaa nzuri kweli, ila kila kipande ni cha kutumika mara moja. Kwa vyovyote vile, kazi ya uzi chini ya waya huchukua muda, na binti yangu huifanya usiku pekee, nami naona hilo linatosha.

Nta ilikuwa na thamani kubwa kuliko nilivyotarajia. Siku za mwanzo baada ya kufungwa breisi, na tena kila waya unapokazwa, mashavu na midomo huchubuliwa na braketi hadi kufanya vidonda, na mtoto mwenye vidonda haswaki inavyopaswa, hivyo maumivu yenyewe huleta uchafu. Nta ya kifurushi hiki ni laini, haina harufu ya kukera na inashika vizuri endapo utaratibu utafuatwa. Braketi husafishwa kwanza, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi au pamba, kwani nta haishiki penye mate. Hukatwa kipande cha ukubwa wa punje ya choroko, kikaviringishwa kati ya vidole mpaka kipate joto, kisha kikabandikwa na kukandamizwa juu ya braketi inayokera. Wengi hubandika donge kubwa ambalo hung'oka likiguswa na ulimi, kumbe kipande kidogo hudumu zaidi. Huondolewa kabla ya kula na kabla ya kuswaki, na ikimezwa kwa bahati mbaya kipande kidogo hakina madhara. Dosari yake pekee ni kwamba kwa joto la Dar es Salaam huyeyuka na kugandana ndani ya kisanduku chake ikiachwa kwenye begi la shule, hivyo akiba tunaiweka kwenye friji. Vidonda vilivyokwisha kutokea tulivituliza kwa kusukutua maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, dawa ambayo haihitaji kununuliwa.

Dawa ya meno haimo kwenye kifurushi, na ni afadhali, kwa sababu hapo pana jambo linalohitaji uamuzi wa mzazi mwenyewe. Wengi wetu tuna ndugu kutoka Arusha, Meru au Kilimanjaro ambao meno yao yana madoa ya kahawia kwa sababu ya maji waliyokunywa utotoni, na tumekua tukiliogopa hata neno floraidi. Hofu hiyo ina chanzo cha kweli. Vyanzo vingi vya maji katika maeneo yale ya volkeno vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya taya, enameli hutoka ikiwa na dosari. Lakini kijana ambaye meno yake ya mbele yameshatoka hawezi kupata madoa hayo kwa dawa ya kuswakia. "Mama, ya kutema si sawa na ya kunywa," daktari wake aliniambia nilipomuuliza, na tangu siku hiyo nimeacha kununua dawa zisizo na floraidi. Kwa mwenye breisi, floraidi ndiyo inayoisaidia enameli kurudisha madini inayoyapoteza kando ya braketi, kwa hiyo tazama nyuma ya boksi na uchague yenye sehemu 1,450 kwa milioni au karibu na hapo. Aliyekulia maeneo hayo na ana madoa tayari amweleze daktari kabla ya kufungwa, kwa sababu gundi ya braketi huweza kushika kwa udhaifu zaidi kwenye enameli ya namna hiyo.

Jambo gumu kulibadilisha nyumbani kwetu lilikuwa kusukutua. Tumelelewa kuswaki kisha kusukutua kwa kikombe kizima cha maji, mara tatu au nne, mpaka kinywa kisiwe na ladha ya dawa hata kidogo, na kwa kufanya hivyo tunaimwaga sehemu kubwa ya floraidi kabla haijafanya kazi. Anachotakiwa mtoto ni kutema povu vizuri na kuiacha ile ladha ibaki, hasa usiku. Ikiwa amekula kitu kichachu, kama ubuyu, ukwaju au chungwa, asubiri kama nusu saa ndipo aswaki, akisuuza kwa maji matupu katika muda huo.

Kuhusu vitu vingine ninavyoulizwa na wazazi wenzangu: mswaki wa mti nauheshimu, na kwa uso wa jino lililo wazi unafanya kazi nzuri, lakini nyuzi zake hazipenyi chini ya waya na hauwezi kuchukua nafasi ya kibrashi. Dawa za mkaa na zile za kung'arisha meno ziachwe mpaka breisi zitoke, kwani hukwaruza, na madoa yaliyofunikwa na braketi haziwezi kuyafikia. Mashine ya kurusha maji husaidia kutoa mabaki ya chakula na huwafaa sana wenye vidole vizito, ila ukoga uliokwisha kushikamana hauondoki kwa maji peke yake, hivyo ni kifaa cha kuongezea na si cha kutegemea.

Mswaki wa kukunja ulinionyesha thamani yake shuleni. Chakula chetu kina mambo ambayo maelekezo yaliyochapwa kwenye kisanduku hayakuyafikiria: mchicha na kisamvu hujisokota kwenye waya, embe lenye nyuzi huacha kamba kila upande wa braketi, na ugali hujaza mianya yote. Baada ya chakula cha mchana binti yangu husimama penye bomba na mswaki huo, bila dawa, na kwa dakika chache anatoa yote yanayoonekana, kazi kamili ikisubiri nyumbani. Kuna vyakula ambavyo hakuna mswaki utakaovisamehe. Mahindi ya kuchoma yapukuchuliwe kwanza, nyama ikatwe vipande vidogo badala ya kung'atwa kwenye mfupa, na miwa, kashata na mbegu za ubuyu zisubiri mpaka matibabu yaishe, kwani ndizo zinazobandua braketi. Mchuzi wenye bizari ya manjano hugeuza vipira visivyo na rangi kuwa vya njano ndani ya siku chache, na hakuna cha kuvisafishia mpaka vibadilishwe kliniki, kwa hiyo mwenye kupenda mchuzi huo achague vipira vya kijivu au rangi nyingine iliyokolea.

Kioo cha mdomoni hufunikwa na mvuke wa pumzi mara moja, lakini ukikigusisha shavuni kwa ndani kabla ya kukitumia hubaki wazi kwa muda. Saa ya mchanga inafaa kwa watoto wadogo, na kwa kijana mwenye simu ni pambo tu.

Vidonge vya kusafishia havina kazi yoyote kwa mwenye breisi za kugandishwa, na ni kosa kubwa kwamba kisanduku hakisemi hivyo waziwazi. Hivi ni vidonge vya kutia povu kwenye maji, kwa ajili ya kulowekea ritena, kifaa kinachovaliwa baada ya breisi kutolewa ili meno yasirudi yalikokuwa, au alaina, yaani vile vifuniko angavu vya plastiki vya kunyooshea meno ambavyo mtu huvivaa kwa saa 20 hadi 22 kwa siku na kuvitoa wakati wa kula. Havitafunwi wala havitumiki kusukutua. Baadhi vina kemikali ya pasalfeti, na mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba kemikali hiyo huweza kuleta mzio kwa baadhi ya watumiaji, hivyo baada ya kulowekwa kifuniko lazima kisuuzwe sana. Mdogo wangu, anayevaa alaina, nilimpa vidonge hivyo akavitumia, akaniambia vinaondoa harufu vizuri lakini utando anautoa kwa mswaki laini na sabuni isiyo na manukato, kwa maji ya baridi. Maji ya moto hupindisha plastiki, dawa ya meno huikwaruza, na chai ya maziwa ikinywewa bila kuitoa huibadilisha rangi huku sukari ikibaki imefungiwa juu ya jino mahali ambapo mate hayafiki kuiosha.

Kimfuko chenyewe kimeshonwa vizuri, ila kifuniko cha mswaki wa kukunja hakina tundu la hewa, na mswaki ukirudishwa humo ukiwa na maji hutoa harufu mbaya ndani ya siku mbili. Kwa mtoto wa kutwa si tatizo kubwa, kwani utakaushwa jioni. Kwa anayekwenda bweni ningeacha vidonge na saa ya mchanga nyumbani, nikaweka badala yake vibrashi vya saizi mbili vya kutosha muhula mzima, uzi uliopakwa nta, visanduku viwili vya nta, na barua ya daktari kwa matroni inayomwombea ruhusa ya kuswaki baada ya kila mlo.